Birika la kobe: jenga kwanza njia ya kutokea

Kobe wa nchi kavu hajui kuogelea. Kasa wa baharini ana makasia na gamba lililobapa linalokata maji. Kobe ana miguu minene ya kubebea mzigo, na mzigo wenyewe ni gamba la mfupa asiloweza kulivua. Mtie kwenye maji yanayompita kichwa, atahangaika mpaka pumzi imwishe. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu mabirika mengi yanayojengewa kobe kwenye nyua zetu hujengwa na mtu anayefikiria namna mnyama atakavyoingia majini. Kuingia si tabu, kobe huingia hata kwa kuanguka. Kazi yote iko kwenye kutoka: atoke mwenyewe, kwa upande wowote aliopo, saa ambayo nyumbani hakuna mtu.

Katika makala hii nazungumzia birika dogo la zege kwa kobe anayefugwa zaidi huku kwetu, yule wa madoa, mwenye gamba lililonyanyuka, rangi ya mchanga na mabaka meusi. Kabla ya kununua hata kilo moja ya saruji, hakikisha kwamba kobe uliye naye unammiliki kihalali. Tanzania Bara ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na zote mbili hazimruhusu mtu kumwokota mnyama porini akamgeuza wa nyumbani bila kibali. Kobe aliyepatikana barabarani asaidiwe kuvuka upande alioelekea, aachwe aende. Na ukiletewa mtoto wa kobe mkubwa wa Shelisheli kwa bei ya kificho, kataa. Kobe wa kisiwa cha Changuu, ambao wazazi wao waliletwa Unguja kutoka Shelisheli mwaka 1919, waliibiwa hadi wakabaki wachache sana katika miaka ya 1990, na wizi wa namna hiyo unaishi kwa sababu kuna mnunuzi.

Sasa tuje kwenye maji. Kobe hunywa kwa kuinamisha kichwa mpaka pua na mdomo vizame, kisha utaona koo likicheza muda mrefu bila yeye kuinuka. Maji anayoyanywa hayaishii tumboni tu. Kibofu chake ni ghala, na siku za ukame mwili huweza kuyarudisha maji hayo kutoka humo na kuyatumia tena. Ndiyo maana kobe aliyeshtuliwa akamwaga mkojo wake wote amepoteza akiba, na ndiyo maana watoto wazuiwe kumnyanyua kila wakipita. Pamoja na mkojo hutoka uchafu mweupe. Ukiwa laini, mnyama ana maji ya kutosha. Ukiwa na chenga, au usipotoka kabisa kwa muda mrefu, maji yamempungua, na uchafu huo unaweza kuganda ndani ya kibofu ukawa jiwe ambalo hutolewa kwa kisu cha daktari wa mifugo. Kulowa kwenye maji ya kina kifupi humpa nafasi ya kunywa, kukojoa na kujisafisha kwa wakati mmoja.

Beseni la plastiki lingefanya kazi hiyo, na kwa kobe wadogo ndilo linalofaa. Kwa kobe mzima lina kasoro mbili ambazo hazirekebishiki: kuta zake zimesimama wima na zinateleza, na likikanyagwa pembeni hupinduka. Shimo lililotandikwa nailoni huchanwa na kucha ndani ya muda mfupi, na vipande vyake huliwa. Zege ni zito, halisogei, hupokea umbo lolote utakalolipa, na husuguliwa kwa brashi bila kuharibika. Ila zege lina sumu yake ya mwanzo na lina ukali wake, na yote mawili yanataka subira. Nitayaeleza mbele.

Adui wa kwanza ni ukuta. Kobe akikutana na kitu kilichosimama mbele yake mara nyingi hazunguki wala harudi nyuma, anasukuma. Asipopita, anapanda. Anasimama kwa miguu ya nyuma, anakwangua kwa ya mbele, na gamba lile la juu linamvuta kinyumenyume mpaka anaanguka chali. Mapafu ya kobe yako juu, yameshikana na mgongo wa gamba. Akilala chali, uzito wa matumbo yote unayalalia mapafu hayo. Juani hali hiyo humwua kwa joto. Ndani ya maji humwua haraka zaidi, hata kama kina ni cha vidole vinne tu, kwa sababu kichwa ndicho kilicho chini. Kwa hiyo birika lenye ukuta wa sentimita 15, ambalo mtu analiona ni fupi na salama, ni mtego. Kona nayo ni mtego: akijibana hapo atasukuma mpaka achoke.

Umbo linalofaa ni la sinia pana lililozama ardhini, duara, lisilo na ukuta wala kona popote. Vipimo ninavyovipendekeza kwa kobe mwenye gamba la urefu wa sentimita 25 hadi 40 ni hivi. Kipenyo cha birika kiwe sentimita 140. Katikati pawe na sehemu bapa yenye kipenyo cha sentimita 40, na kutoka hapo sakafu ipande taratibu kwa urefu wa sentimita 50 kila upande mpaka ifike ukingoni, ambapo itakuwa juu ya sehemu bapa kwa sentimita 8 tu. Yaani kwa kila sentimita moja ya kupanda, kobe anatembea zaidi ya sentimita sita. Mteremko huo ni mpole kiasi kwamba ukiutazama kwa mbali hauuoni. Fundi atakwambia hili si birika, ni sakafu iliyobonyea. Amepatia.

Kina cha maji kiwe sentimita 6 katikati. Kanuni ni kwamba kobe akilaza tumbo chini na kunyoosha shingo kama kawaida, maji yasifike kidevuni, na sehemu kubwa ya gamba ibaki juu. Kobe wako akiwa mdogo kuliko vipimo nilivyotaja, punguza maji mpaka kanuni hiyo itimie. Wale ambao gamba lao halijafika sentimita 10 wasiruhusiwe kabisa kwenye birika hili. Wao huwekewa kisahani kipana cha udongo, kile cha kukingia maji chini ya chungu cha maua, chenye maji ya sentimita moja hivi, na mtu akae nao.

Lakini kina hakitunzwi kwa uangalifu wa mtu. Mtu husahau mpira ukiwa wazi, na mvua ya masika haiombi ruhusa. Kwa hiyo kina kijengwe ndani ya birika lenyewe. Upande ule ambao kiwanja kinainamia, ukingo ukatwe kwa upana wa kiganja na ushushwe kwa sentimita 2. Hapo patakuwa mlango wa maji: yakifika sentimita 6 yanajimwaga yenyewe, hata kama mvua itanyesha usiku kucha. Wengine huweka kibomba cha kupunguzia maji pembeni. Mimi sikipendi, kwa sababu jani moja la mwembe linatosha kukiziba, na hutajua kimezibwa mpaka siku unayokihitaji. Mlango ulio wazi huonekana, na hauzibiki kirahisi.

Mahali pa kuliweka pachaguliwe kabla ya kuchimba, si baada ya fundi kuchanganya zege. Jua la asubuhi lifike, ili maji yapate joto, na kuanzia saa sita angalau nusu ya birika iwe kivulini. Maji ya kina kifupi hupata moto upesi mno pwani. Saa nane mchana birika lililo juani kutwa linaweza kuwa la moto kiasi cha kumdhuru mnyama aliyeingia kutafuta ubaridi. Wenzetu wanaofuga kobe Maskati na miji mingine ya Ghuba wajenge kivulini moja kwa moja. Arusha, Lushoto na Nairobi kinyume chake: kati ya Juni na Agosti jua ni mali, na kobe aingie majini asubuhi iliyochangamka tu, akauke kabla ya baridi ya jioni, kwa maana kobe aliyelala na baridi akiwa ameloa hupata ugonjwa wa mapafu. Maji ya nyuzi 25 hadi 30 humfaa. Usipokuwa na kipimajoto, tia kiwiko cha mkono kama unavyofanya kwenye maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Usijenge chini ya mchirizi wa bati. Usijenge karibu na mwembe au mkungu uliokomaa, mizizi yake italinyanyua zege na kulipasua. Acha nafasi ya sentimita 60 au zaidi kati ya ukingo na ukuta wa nyumba au ua, ili kobe asije akabanwa hapo katikati.

Ujenzi wenyewe ni kazi ya siku moja kwa watu wawili. Piga kigingi katikati ya mahali ulipopachagua, funga kamba ya sentimita 70, chora duara. Chimba kwa kufuata umbo la birika lakini ushuke zaidi, upate nafasi ya changarawe ya sentimita 5 na zege la sentimita 8. Mchanga uliotifuliwa ushindiliwe mpaka unyayo usiache alama. Hapa wengi hupaharakisha, na ufa unaotokea mwaka wa pili huanzia hapa. Tandaza changarawe, shindilia tena, kisha mwagia maji ili ardhi isije ikanyonya maji ya zege.

Bomba la kutolea maji linawekwa sasa, kabla ya zege. Bomba la plastiki la inchi mbili lianzie sehemu ya chini kabisa ya katikati, lipite chini ya sakafu likiinama, litokeze nje kwenye shina la mgomba au kwenye shimo lililojazwa kokoto, na valvu iwe huko nje. Tundu la ndani lifunikwe kwa kichujio kilicholala sawa na sakafu, chenye vitundu vidogo ambavyo ukucha wa kobe hauwezi kunasa. Kuna watakaoona bomba ni gharama ya bure kwa birika dogo hivi, kwa kuwa maji yanaweza kuchotwa kwa kopo. Yanaweza. Ila anayechota kwa kopo huchota kila siku mwezi wa kwanza, kila wiki mwezi wa pili, na baada ya hapo birika ni la mbu. Nunua bomba.

Zege liwe la uwiano wa saruji moja, mchanga miwili, kokoto tatu, na kokoto ziwe ndogo. Kwa vipimo nilivyotoa, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko huo. Zege la majimaji ni rahisi kusambaza lakini likikauka linakuwa dhaifu na lenye vitundu, na kwenye mteremko linatiririkia katikati. Mchanga uwe wa mto au wa machimbo. Mchanga wa ufukweni una chumvi, chumvi hula chuma, na chuma kikivimba kwa kutu hulipasua zege kutoka ndani. Wakazi wa pwani mnalijua hili kwenye nguzo za nyumba. Halibadiliki kwa sababu birika ni dogo.

Mwaga nusu ya unene, laza wavu wa waya, ule wa mabanda ya kuku ukunjwe mara mbili, kisha mwaga nusu iliyobaki papo hapo kabla ya ile ya chini kuanza kushika. Ncha za waya zote zizame. Ncha moja iliyochomoza inatosha kumchana kobe ngozi ya mguu.

Kwa umbo, kuna njia rahisi kuliko kukadiria kwa macho. Simamisha chuma wima katikati, kwenye sehemu ya bomba, kata ubao kwa umbo la nusu ya birika ukifuata vipimo, ufungie kwenye chuma hicho uwe unazunguka, kisha uzungushe juu ya zege bichi. Ubao utakwangua palipozidi na kuonyesha palipopungua, na mteremko utakuwa sawa pande zote. Ukingo wa nje uviringishwe kwa mwiko, usiachwe na ncha kali. Udongo wa nje ujazwe mpaka ubaki chini ya ukingo kwa sentimita moja hivi, ili matope yasiingie na kobe asikute ngazi, isipokuwa mbele ya mlango wa maji, ambapo ushuke chini ya mlango wenyewe ili usiuzibe.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo utabishana na fundi. Fundi mzuri hujivunia kazi iliyolainishwa. Atataka kukupigia niru sakafu ing'ae, na kwa bafu la binadamu ana haki. Niru ikiloa huteleza, na utando wa kijani ukishaota juu yake hata mtu mzima huteleza. Mwambie mapema, kabla hajashika mwiko: fundi, hapa usipige niru, mnyama huyu hupanda kwa kucha. Zege likianza kushika, chukua ufagio wa chelewa uuburuze taratibu kwa kuzunguka duara, si kwa kutoka katikati kwenda nje. Mikwaruzo itakaa kwa kukingama na njia ya kobe anayepanda, na kucha zitapata pa kukamata kila hatua. Mikwaruzo iwe ya kina kidogo. Usipachike kokoto za ncha juu wala vipande vya vigae, kwa kuwa kobe huburuta tumbo, na sakafu inayokwangua mkono wako ukiipapasa itamkwangua na yeye. Papasa kwa kiganja kizima. Ikiwa inakamata bila kuumiza, imefaa.

Lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa na uyamwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Zege halikauki kama nguo. Hukomaa kwa kula maji, na likinyimwa maji siku za mwanzo hupasuka juu juu na kutoa vumbi maisha yake yote. Muda wote huo kobe akae mbali kabisa, si kwa sababu ya shimo na misumari peke yake.

Saruji ikikutana na maji hutoa chokaa kali. Maji yaliyogusa zege bichi hufikia pH ya 12 hadi 13, wakati maji yasiyo na ukali wowote ni 7. Mafundi mnaijua kazi yake kwenye vidole. Kobe huingia humo na macho, pua na mdomo, na hunywa. Kwa hiyo birika lililokamilika leo halitumiki wiki ijayo. Subiri siku 28 litimize ukomavu wake. Kisha lijaze maji, yaache siku mbili, sugua kwa brashi ngumu, yamwage mbali na majani anayokula kobe. Rudia. Safari ya kwanza na ya pili utaona ukungu mweupe ukielea au kuganda pembezoni. Hiyo ndiyo chokaa inayotoka. Baada ya mara kadhaa unaweza kupaka siki nyeupe, kuiacha dakika chache, kusugua na kusuuza kwa maji mengi. Siki huiua chokaa ya juu. Asiwepo mtu wa kukushauri asidi ya betri.

Utajuaje kwamba limekuwa tayari? Karatasi za kupimia pH huuzwa na wanaotunza mabwawa ya kuogelea na wauzaji wa samaki wa mapambo. Jaza birika na wakati huohuo jaza ndoo ya plastiki kwa maji ya bomba lilelile. Baada ya saa 24 pima vyote viwili. Karatasi zikitoa rangi moja, zege limeacha kuyabadili maji. Zikitofautiana, rudia kujaza na kumwaga, hata kama itachukua wiki tatu zaidi. Napendelea kulinganisha hivi kuliko kufuata namba moja iliyoandikwa mahali, maana maji ya visima vingi vya pwani yana chokaa yake tangu ardhini.

Rangi usipake. Najua buluu ya bwawa la hoteli inapendeza. Rangi hubanduka, kobe huvutwa na vipande vya rangi na huvimeza, na baadhi ya rangi zinazouzwa madukani bado zina madini ya risasi. Lami nayo isitumike. Zege la uwiano niliotaja, likimwagiliwa vizuri, linashika maji ya sentimita 6 bila kupakwa chochote.

Baada ya hapo inabaki kazi ya kila siku, nayo haizidi dakika kumi. Birika hili likijaa mpaka kwenye mlango wake linachukua lita 30 hivi, yaani ndoo moja na nusu ya lita 20. Nimelipima dogo makusudi, kwa sababu nyumba nyingi hununua maji, na birika ambalo ni ghali kulibadilisha haliwezi kubaki safi. Kobe hujisaidia majini karibu kila anapoingia, kisha hunywa maji hayohayo. Kila jioni fungua valvu, sugua, acha likauke usiku, asubuhi jaza. Maji machafu ni mbolea ya mgomba.

Kusugua kuna sababu nyingine. Mbu anayeeneza kidingapopo hutaga ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake huvumilia ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakuyaondoi. Brashi ndiyo inayoyaondoa. Dar es Salaam iliuona ugonjwa huo mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na si haki birika la mnyama wako likawa chanzo cha homa ya jirani. Mara moja kwa wiki tumia jiki, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, iache dakika kumi, suuza mpaka harufu iishe kabisa, kisha jua lilikaushe. Jiki na siki visikutane hata kwa bahati mbaya, mchanganyiko wake hutoa hewa ya sumu. Sabuni haihitajiki.

Na mikono. Kobe mwenye afya nzuri kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuumwa. Brashi na ndoo za birika ziwe za birika tu, zisioshwe kwenye sinki la vyombo, na kila aliyegusa maji au kobe anawe kwa sabuni. Watoto walio chini ya miaka mitano wasicheze na maji hayo.

Siku ya kwanza mweke kobe ndani ya birika likiwa kavu, ukae hapo. Mwache atoke. Mrudishe, mwelekeze upande mwingine, atoke tena, mpaka pande zote zimejaribiwa. Akiteleza mahali, pakwaruzwe kwa brashi ya chuma mpaka kucha zishike, kisha pasuguliwe na kusuuzwa upya. Jaribu tena likiwa limeloa bila maji kusimama. Halafu ndipo uweke maji ya sentimita 3, na siku zinazofuata uongeze.

Ikitokea umemkuta kobe amezama, iwe kwenye birika hili au kwenye shimo la jirani, usimhesabu amekufa kwa sababu amelegea. Kobe huweza kukaa muda mrefu bila kuonyesha dalili ya uhai. Mshike kichwa kikitazama chini, nyoosha shingo taratibu ili maji yatoke mdomoni na puani, sukuma na kuvuta miguu ya mbele polepole. Kobe hana kiwambo cha kuvutia pumzi kama chetu, misuli ya miguu na ya tumbo ndiyo inayosaidia mapafu. Usimlaze chali. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo hata akizinduka na kutembea, kwa sababu maji yaliyobaki mapafuni huleta ugonjwa siku chache baadaye.

Kwa wenye mahoteli na bustani zenye kobe wakubwa wa asili ya Shelisheli, kanuni za umbo ni zilezile lakini hesabu zote zinabadilika. Dume mzima anaweza kufika kilo 250. Zege la sentimita 8 litavunjika chini yake. Hapo panatakiwa unene wa sentimita 15, nondo, na mchoro wa mtu anayeelewa mizigo. Wanyama hao pia hupenda tope kuliko sakafu, na penye nafasi shimo la tope lenye mteremko mrefu huwafaa kuliko zege lolote.

Kobe wa nyumbani huenda akalikataa birika jipya kwa siku nyingi. Atalizunguka, atanusa ukingo, ataondoka. Usimtumbukize. Tupa majani machache ya mchicha au maua mekundu ya haibiskasi ya bustanini karibu na ukingo, mengine yaelee majini, uendelee kubadilisha maji kila siku kama vile anayatumia. Mara nyingi huingia mwenyewe asubuhi moja ya joto, jua likiwa limeshapanda, na mtu wa kwanza kujua huwa ni yule anayekuta birika limechafuka.